Sitaha Mpya ya Baba

Jana, hapa Mahajanga, nilimpita fundi akipaka mashua mafuta ya papa, na harufu ile ikanirudisha utotoni, kijijini kwetu Ambanoro. Sitaha ya mashua ya baba ya kuvulia ilikuwa imeoza, hata siku moja mguu wake ukatumbukia hadi pajani. Mama akamwambia, "Hutoki tena mpaka niikague mwenyewe."

Baba aling'oa mbao zote, akapigilia mpya wiki nzima huku akichechemea, nami nikizipaka mafuta. Alipomaliza, mama, aliyeogopa bahari maisha yake yote, alipanda, akavua viatu, akaruka kwa miguu yote miwili. Mbao hazikutikisika. Akaruka tena, safari hii akicheka.

"Baba watoto," akasema, "ng'oa nanga. Tuzungushe kidogo na sisi."