Jina Nililomnyima Mkutubi

Maktaba yetu hapa Kibiti ilikuwa chumba kimoja, na mimi ndiye niliyekifagia. Mkutubi alikuwa mama wa kutoka bara, hana ndugu huku, na ulevi wake ulikuwa riwaya za upelelezi. Kila akimaliza moja aliandika maoni yake kwenye karatasi, akaibandika mlangoni: huyu mwandishi kaficha vizuri, yule kamtoa muuaji hewani, kamwonea msomaji. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama na vikapu vyao kuzisoma karatasi zile.

Mimi niliishia darasa la tatu. Lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki, hata la mtu wa kwenye kitabu. Basi mchana, chumba kikiwa kitupu, alinisomea, na akipotea huniuliza, "Bibi, yule mpishi mwenye makengeza aliitwa nani vile?" Namtajia, na la mkewe namwongezea.

Sheria yake ilikuwa moja: ambaye hajamaliza kitabu asitajiwe muuaji. Mwalimu mmoja mstaafu aliropoka, akahamishiwa barazani wiki nzima, asomee huko huko. "Muuaji ni wewe, mwalimu," alimwambia, "umeniulia kitabu."

Kisha mkutubi akaugua, macho yakawa hayaoni herufi, akalazwa hospitali ya Mchukwi. Akaniomba nimmalizie kitabu alichokiacha katikati. Mimi! Ikawa kila alfajiri nikishaswali nazipitia kwanza kurasa za siku ile kwa kidole, nisije nikakwama mbele ya wagonjwa. Asubuhi moja hadithi ikanikamata. Sikuinuka mkekani mpaka nikafika mwisho, uji ukaungua.

Mchana ule nilimsomea kurasa nne tu, akachoka. Akanishika mkono.

"Bibi, unasoma kama mtu anayejua. Umeshamfahamu, eti?"

"Nimemfahamu."

"Ni nani? Yule mjane?"

"Sheria ni yako, mwanangu. Imebaki sura moja. Subiri kesho."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Una roho mbaya wewe bibi! Hata mgonjwa humwonei huruma?"

"Mgonjwa anayetaka umbea huyo amepona," nikamwambia. Mgonjwa wa kitanda cha pili naye akacheka. Nikafunga kitabu, nikaaga, nikajiona mjanja.

Kesho yake nilipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na hakuna mtu.

Ndugu zake walikuja na gari kumchukua akazikwe kwao. Nilisogea mpaka kwenye jeneza, jina liko mdomoni. Kaka yake akaniinamia. "Mama, ulitaka kusema neno?" Watu wote wakanigeukia kunisikiliza. Ningelitajaje pale, mbele ya wafiwa, jina la muuaji wa kwenye kitabu? Nikasema Mungu amlaze mahali pema. Wakaitikia amina, wakalipandisha jeneza, na gari likaondoka naye hajui.