Nilimchapa mbele ya darasa, na daktari hajui

Admin, weka hii bila jina tafadhali, kwa sababu mume wangu pia anafuata ukurasa huu. Nina miaka thelathini na mbili, nauza mitumba mjini Eldoret na tunaishi mtaa wa Munyaka. Tuna mtoto mmoja tu, msichana wa miaka tisa. Hapa nitamwita Neema.

Neema tangu akiwa mdogo hatulii. Ukimtuma chumvi, utamkuta njiani akihesabu kuku wa jirani, na chumvi ameshaisahau. Lakini hakuwa na ubaya. Akikosa alikuja mwenyewe akilia, akanionyesha alichoharibu.

Muhula uliopita alifungua mfereji wa maji shuleni akasahau kuufunga, uwanja ukajaa matope. Nikaitwa. Siku hizi walimu hawaruhusiwi kuchapa, kwa hivyo pale kwao mzazi ndiye hupewa kiboko amchape mwanawe. Mwalimu akaniambia, "Mama Neema, mchape hapa mbele ya wenzake, ndio ajue tunaongea lugha moja." Niliona aibu kukataa. Nikamchapa, watoto wakacheka. Neema akaniangalia akauliza, "Mum, hii ni ya nini?" Mfereji ulikuwa umeshamtoka kichwani. Mimi nikadhani ni kiburi, nikamwongezea.

Tangu siku hiyo haniambii kitu. Anadanganya, anaficha vitabu, na juzi alimpiga mtoto wa jirani kwa jiwe kisha akanikazia macho. Niliogopa mtoto wangu mwenyewe, Mungu anisamehe.

Wiki jana nikampeleka kliniki ya watoto. Daktari alinieleza polepole kwamba kuna mtoto ambaye akili yake haishiki jambo, na kuna anayevunja sheria akijua, na wengine wana yote mawili, na msaada wao haufanani. Kisha akauliza, "Huu uongo na kupigana vilianza lini? Kuna kitu kilitokea?"

Nikajibu, "Hakuna, daktari. Amekuwa hivyo tangu zamani."

Neema alikuwa hapo kando yangu akichezea zipu ya sweta. Akaacha kuichezea. Daktari akaandika nilichosema.

Alhamisi tunarudi, na daktari anataka baba yake awepo. Mume wangu alichapwa sana utotoni, na aliapa kwamba mtu yeyote akimwinulia Neema mkono, hata kama ni mimi, yeye atamchukua mtoto ampeleke kwa mama mkwe wangu kule Kapseret. Yeye si mtu wa kusema ovyo. Nikisema ukweli nitampoteza mtoto. Nikinyamaza atashughulikiwa kama mtoto mbaya, na ubaya wenyewe nimeupanda mimi kwa mkono wangu. Silali, sili.

Jana nikimsuka aliniuliza, "Mum, huyo daktari akiniuliza mimi, niseme nini?" Nikamwambia atulie nimalize nywele.

Bado anangoja. Wazazi wenzangu, nimjibu nini?