Ndege Haikumgusa

Mama Sindano, fundi cherehani, alivunjika mkono siku mwizi aliporusha ndege ndogo aliyoiiba na kuishusha karibu na mapaa ya mtaani. Kwa hofu aliruka dirishani, suruali ya mteja mkononi. Akamshtaki mwenye ndege, maana bila mkono wa kulia hakuna kushona.

Mlangoni mwa mahakama shemeji yake alimnong'oneza, "Sema tairi la ndege lilikupiga, shemeji. Nani atabisha?"

"Nitabisha mimi. Kilichovunjika ni mkono, si ulimi."

Basi akasema kweli: ndege haikumgusa. Mwenye ndege akachekelea. "Mheshimiwa, mwenye kosa ni mwizi. Mimi nimekosa nini?"

"Ufunguo aliupata wapi?" hakimu akauliza.

"Humo humo ndani! Siku zote tunauacha hapo, na mlango wazi. Nani angefikiria kuiba ndege?"

Wakili wake akajifunika uso.

"Mwizi alifikiria," hakimu akasema. "Wewe ulipaswa kumtangulia." Akaamuru amlipe fundi matibabu na kazi zote alizokosa.

Nje, shemeji akatamba, "Si nilikwambia tutashinda?"

"Wewe nyamaza, unibebee mkoba."