Miguu ya Fausta na Wali wa Maziwa

Mara ya kwanza kufanya biashara na Fausta, aligeuza debe langu juu chini, akaokota jiwe, akaligonga kitako mpaka kikanyooka. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Nilikuwa nimeacha kukata mkonge Rudewa, nimejinunulia kinu cha kukamulia ufuta na kukiweka uani kwangu Mabwerebwere, hapa Kilosa. Siku zile kila mnunuzi alikuwa na debe lililotuna chini kidogo, limeze ufuta zaidi. Kule kutuna ndiko kulikotulishia watoto.

"Sasa pima," akasema.

"Dada, umeniharibia chombo."

"Nimekitibu. Pima, Mnyakyusa, jua linapanda."

Nikapima. Tangu siku hiyo nikamweka katika kundi la watu ninaowaheshimu, yaani wale ambao ukiachana nao unajipapasa mifuko.

Alikuwa mjane, mtu wa milimani aliyeshuka bondeni Tindiga kwa ndoa. Mume alipokufa, alibaki na majaruba ya mpunga kwenye tope zuri, na kipande cha juu alikopanda ufuta. Wakwe walingoja arudi kwao. Waliendelea kungoja.

Mwaka wa sabini na nne aliugua tumbo la kuhara. Lilipopona, miguu ikaanza kufa ganzi kutokea nyayoni kwenda juu, na haikuchukua wiki nyingi akawa hawezi kusimama. Walimpandisha treni ya Mikumi akiwa juu ya kiti. Daktari wa huko alimgonga magoti kwa kinyundo, magoti yasishtuke. Akamweleza bila kuzunguka: askari wa mwili wake, walioamshwa na lile tumbo, wamekosea adui na kuishambulia mishipa ya fahamu. Dawa ya kuwarudisha kambini hakuwa nayo. Wengi hupona wenyewe polepole, wengine hubaki na kasoro. Fausta akataka kujua atasimama mwezi gani. Daktari akasema hilo hawezi kuliahidi.

Shida ni kwamba wengine walikuwa wameshapanga mwezi. Ulikuwa wakati wa Kilimo cha Kufa na Kupona, serikali ikimtaka kila mtu alime. Mvua zilikuwa zimetunyima, watu wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, tunakula yanga, ule unga wa njano wa msaada. Mwenyekiti wa kijiji, Onesphory, alikwenda kumjulia hali, akamalizia hivi: "Mama, shamba ni la mwenye jembe. Miche ikifika kupandikizwa nawe bado umelala, majaruba tutampa mwingine." Huyo mwingine alikuwa shemeji yake mwenyekiti mwenyewe. Hakumtaja, na hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Siku chache baadaye mkokoteni wa ng'ombe ukasimama uani kwangu, Fausta amelazwa juu ya majani.

"Nasikia kuna mama wa Kihindi anatibu mishipa kwa mafuta ya ufuta," akasema. "Nipeleke."

Ni Bhanumati aliyekuwa akimtaja, mjane mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Baba yake alikuwa mganga wa ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, kwao Gujarati, na binti alijifunza kwa kumshikia vyombo.

"Shikamoo, mama," Fausta akaamkia toka mkokotenini.

"Marahaba." Bhanumati akamshika kiganja kwa vidole vitatu, akatazama ulimi, akasikiliza habari za Mikumi mpaka mwisho. "Daktari anasema askari. Mimi kwa elimu ya baba yangu nasema upepo umeingia umekausha mishipa. Wote wawili tunakwambia subiri. Lakini mguu usilale ukisubiri."

Akampangia. Kila asubuhi mafuta ya ufuta ya vuguvugu, asuguliwe kutoka paja hadi vidoleni. Kisha mchele upikwe kwa maziwa mpaka unate, ufungwe katika vitambaa, akandwe nao ungali moto. Baada ya hapo miguu ikunjwe na kukunjuliwa kwa mikono ya mtu. Chakula kiwe laini na cha moto. "Na kifua kikikubana," akasema, "usije kwangu. Panda treni urudi Mikumi."

Tulipotoka, Fausta akaanza kazi yake.

"Lupakisyo, nipe mafuta mpaka nitembee. Nitakulipa ufuta wangu wa misimu miwili."

"Miwili na nusu."

"Miwili."

"Na usipotembea?"

"Utakuwa umepata hasara, kama wafanyabiashara wengine."

Nikaitazama miguu. Ilikuwa imelala pale kama ya mtu mwingine aliyeisahau. Nikamtazama usoni, na uso ulikuwa unaona mbali kuliko mimi. Nikakubali.

Jirani yake, Agnesi, ndiye aliyemsugua na kumkanda. Kila asubuhi harufu ya wali wa maziwa ilipita juu ya zile nyumba za mistari, kwenye vyungu vya yanga, na watu wakanuna. Wengine walisema ni tambiko. Wengine walisema miguu ya Fausta inakula kuliko watoto wao. Onesphory akaitisha mkutano. Nilihudhuria, kwa kuwa mafuta yangu yalikuwa ndani ya miguu hiyo.

"Mama, nchi ina njaa," mwenyekiti akaanza. "Umeona wapi mchele ukapikwa kwa maziwa ukapakwa miguuni?"

"Atie na iliki," akasema mmoja wa nyuma. Watu wakacheka.

"Ukiwa nayo lete," Fausta akamjibu kutoka kitini. Kisha akamgeukia Onesphory. "Mpunga huo nani aliulima?"

"Wewe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mikono yako, mama."

"Na mikono ilifikaje shambani?"

Fausta akayapiga magoti yake kwa kiganja.

"Miguu hii imesimama topeni miaka yote, haijaonja punje. Sasa inakula. Wakishanikanda, wali huo unaliwa na kuku, kwa hiyo hata hao hawalalamiki. Asiyependa ageuze uso."

"Na shamba je?"

"Siku ya kupandikiza nitasimama jarubani nipande mstari wangu kama wenzangu. Nikishindwa, gaweni. Nikiweza, usinitajie tena habari ya kugawa."

"Unasema mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo maana nimesemea hapa."

Onesphory akakubali upesi. Alikuwa ameiona ile miguu.

Kidole gumba cha kulia ndicho kilichotikisika kwanza, kisha goti. Mvua zilipoanza aliweza kusimama kwa kushikilia mwimo wa mlango, lakini akijaribu kutembea nyayo zilining'inia, zikajikwaa hata kwenye mkeka. Miche ilikuwa imefika kupandikizwa. Nikampa ushauri wa biashara: "Omba muda kidogo."

"Mimi nikikuomba upunguze bei, hupunguza?"

"Hapana."

"Basi nyamaza."

Siku yenyewe tulimbeba mimi na Agnesi kwa kiti mpaka kwenye tuta. Shemeji wa Onesphory alikwisha kuwapo, kashika fungu la miche kama bwana harusi. Fausta akateleza kwa makalio kutoka tutani, akazamisha miguu topeni hadi magotini, akaing'ang'ania fimbo, akajivuta juu. Akatetemeka. Akasimama.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekipigia hesabu tangu mkutanoni. Nchi kavu inataka unyayo ujinyanyue na kujishika wenyewe. Tope halitaki hivyo. Linakushika pande zote. Alipanda miche aliyoweza kuifikia, akaushika mguu mmoja chini ya goti, akaung'oa kwa mkono, akausogeza, kisha wa pili. Mstari wake ulipinda, na alipoumaliza wenzake walikuwa wameshakula.

"Ameshika fimbo," akasema yule shemeji.

"Mlitaka nisimame. Nani alitaja nisimame na nini?"

Lakini kutoka alishindwa. Wanaume wawili wakamvuta kwapani, likabaki shimo limejaa maji.

"Umetolewa na watu, mama," Onesphory akasema.

"Kutoka hakukuwemo kwenye makubaliano. Waulize."

Hakuuliza. Watu walikuwa wameshaanza kucheka, na safari hii hawakumcheka Fausta.

Nani alimponya, mimi sijui. Huenda askari walirudi wenyewe kambini, kama daktari alivyosema. Bhanumati mwenyewe hakujisifu. Alisema mafuta yaliufanya mguu uwe tayari siku ulipoitwa. Baadaye alifunga duka akawafuata wanawe ng'ambo, na sufuria yake ya shaba ya kupashia mafuta ikabaki kwa Fausta.

Ufuta wa msimu wa kwanza nilipewa kamili. Wa pili nilikuta nusu.

"Tulisema misimu miwili," nikamwambia.

"Tulisema mpaka nitembee. Kila mguu msimu wake. Wa kulia unatembea, nimekulipa. Wa kushoto huu hapa." Akauinua. Unyayo ukainuka nusu, ukaanguka. "Umeniletea nusu, chukua nusu."

Mguu huo haujarudi wote mpaka leo. Majaruba ameyashika yeye, na shemeji wa mwenyekiti alipewa kichanga karibu na barabara. Mimi nilifunga mzigo wangu wa nusu msimu, nikarudi Mabwerebwere, na njiani sikuona kosa la kumshtakia.