Maji Kabla ya Maswali

Kisima cha Priska Matonya kilikuwa nyuma ya nyumba yake, katikati ya shamba la zabibu, na hakikuwa na mfuniko wa kufuli wala ua. Ndoo ilikaa ukingoni. Kata ilining'inia kwenye nguzo ya kwanza ya mizabibu. Kila aliyetoka relini kwa miguu kuelekea milimani alijua kwamba akifika kwa Priska atakunywa, na kama ni msimu, atakula. Sharti lilikuwa moja tu: kula ushibe, usibebe.

Zamani pale palikuwa kijiji. Siku moja tukaambiwa ni mtaa, tumo ndani ya Jiji la Dodoma, ingawa hakuna aliyekuwa amehama hata hatua. Viwanja vikaanza kuuzwa, watu wa mjini wakaanza kujenga, na kila aliyejenga alianza na ukuta. Priska aliendelea kuishi kama vile kuta hazijaja. Mgeni alipopiga hodi alimpa kigoda, maji, na togwa ya uwele ikiwepo. Hakumuuliza anatoka wapi wala amefuata nini. Akishakunywa na kupumua, mgeni atasema mwenyewe. Asiposema, basi, aende salama.

Binti yake Jenifa, mwenye genge la mboga Chang'ombe, alimgombeza kila alipokuja kumtembelea.

"Mama, kule kwetu hata mwenye nyumba akigonga mlango tunamuuliza jina. Wewe unalisha watu usiowajua. Iko siku utamlisha mwizi."

"Mwizi naye ana tumbo."

"Haya. Akishashiba atabeba na sufuria."

"Akibeba sufuria nitajua ni mwizi. Wewe unataka nimjue kabla hajaiba?"

Tabia hiyo aliitoa mbali. Alipokuwa mtoto, mwaka mmoja mvua iligoma kabisa Ugogoni, na mama yake akamshika mkono wakaenda kaskazini, Kondoa, kutafuta kibarua cha kulipwa nafaka. Walipochoka walikaa nje ya nyumba ya mama mmoja wa Kirangi, jina lake Mwamvua. Hawakupiga hodi. Waliona haya. Mwamvua alitoka akawaona, akarudi ndani, akaja na uji, kisha ugali, kisha maji ya kunawa miguu. Hakusema neno mpaka bakuli liliposafishwa kwa kidole. Ndipo akauliza, "Haya, wageni wangu, mnatoka wapi na mnakwenda wapi?"

Mama yake Priska alishangaa. Mbona hakuwauliza mapema? Angejuaje kama si watu wabaya?

"Ukimuuliza mwenye njaa kabla hajala," Mwamvua alijibu, "atakudanganya ili apate kula. Mlishe kwanza, ndipo utausikia ukweli."

Maneno hayo Priska aliyabeba maisha yake yote, pamoja na ladha ya ule uji. Alinisimulia mara nyingi, mimi na vijana wengine wa mtaa, na kila mara aliposimulia alitumezesha mate.

Wapimaji walikuja mwezi wa tisa, zabibu za msimu wa pili zikiwa zimeiva. Walikuwa vijana watatu wa kampuni binafsi, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, na kiongozi wao aliitwa Ernest. Jua la Dodoma mwezi ule halina mzaha. Mmoja wao alikuwa ameshaanza kuona kizunguzungu, wakamfikisha kwa Priska wamemshika mabega.

"Hodi, mama! Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Mleteni kivulini. Mvueni viatu."

Alimwagia yule kijana maji kichwani, akawapa wote togwa, akawakatia vichala vya zabibu akavitia kwenye ungo. Walikula kama watu waliotoka gerezani. Ernest alilamba vidole.

"Mama, ungekuwa mjini ungetuuzia haya maji."

"Maji ya Mungu nitayauzaje? Kunywa, acha maneno mengi."

"Mungu akubariki, mama. Ni matamu kweli."

Priska alisubiri. Wameshakula, sasa watasema. Lakini vijana wa siku hizi wakishiba wanatazama saa. Walishukuru, wakanyanyuka, wakaenda kusimamisha chombo chao cha miguu mitatu pembeni mwa shamba. Upepo ulikuwa mkali, tepu ya kupimia ikapeperuka na kukunjamana, na kijana aliyeugua bado alikuwa amelala kivulini.

"Mama, samahani, tushikie hapo mwisho kidogo!" Ernest aliita.

Akaenda akaishika. Kesho yake walirudi, akawapa maji, akaishika tena. Walipotia jiwe la mpaka jirani na kisima, yeye ndiye aliyewaletea jembe. Alikuwa ameshajijibu mwenyewe swali ambalo adabu ilimzuia kuuliza: hawa ni watu wa mabomba. Mtaa mzima ulikuwa umeahidiwa maji ya bomba tangu tupo shule ya msingi, na vijana wenyewe muda wote walikuwa wakisifia maji. Nani mwingine angepima kuelekea kisimani?

Siku ya mwisho Ernest alimpiga picha. Priska amesimama kati ya mizabibu, ameshika tepu kwa mikono miwili, anacheka mpaka pengo linaonekana.

Mkutano wa mtaa ulifanyika darasani. Ramani iliangazwa ukutani, na watu wakasogea kutafuta viwanja vyao. Priska hakujua kusoma ramani, lakini alijua kuhesabu nyumba kuanzia kanisani, na alipofika kwake aliona mstari mpana wa barabara umepita juu ya kisima na kulimeza shamba, ukamwachia nyumba na uwanja wa kuanikia nguo.

Akanyoosha mkono.

"Barabara siikatai. Nataka kisima changu. Kule pembeni ni pori tupu, kwa nini isipite kule?"

Pori lile lilikuwa na wenyewe, wa mjini, na wenyewe walikuwa wameketi mbele. Mwenyekiti wa mtaa, Elieza, alivua miwani.

"Mama Jenifa, wakati wanapima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani."

"Uliwaona?"

"Niliwaona. Walikula kwangu."

Watu wakacheka. Elieza akangoja wamalize.

"Uliwaambia hutaki?"

"Sikujua wanapima nini."

"Hukuwauliza?"

Angesema nini pale? Kwamba kuna mama mmoja Kondoa, marehemu sasa, aliyemfundisha kutomuuliza mtu mwenye kiu?

Hapo Ernest akasimama. Nataka ieleweke kwamba hakusimama kwa ubaya. Sauti yake ilikuwa na shukrani ya kweli.

"Ndugu zangu, mimi huyu mama siwezi kumsahau. Tumepima mitaa mingi, tumefukuzwa na mbwa, tumetukanwa. Huyu alitupokea kama watoto wake. Alimwokoa mwenzetu. Alitulisha, akatusaidia kazi kwa mikono yake. Naomba mmuone."

Akabonyeza kitufe, na Priska akatokea ukutani, mkubwa kuliko ramani, ameshika tepu, anacheka. Watu wakapiga makofi. Majirani zake, waliokunywa maji ya kisima kile tangu utotoni, walipiga makofi kwa nguvu zaidi, kwa sababu barabara ikipita kwake bei ya viwanja vyao inapanda.

"Sasa jamani," Elieza alisema kwa upole, kama anayemsaidia mtoto kufunga kamba za viatu, "mtu asiyetaka anashika tepu? Tena anacheka?"

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilisimama nikasema kwamba kumpa mtu maji si kumpa ardhi, na kwamba hakuna aliyemweleza huyu mama kitu chochote.

"Kijana, una kiwanja hapa?"

"Sina, lakini chuoni nimesoma..."

"Basi nenda kasome tena. Mwingine!"

Mradi ule uliitwa upimaji shirikishi. Neno hilo nililisoma chuo kikuu, nikalijibia mtihani, nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba linaweza kumaanisha hivi: kwamba wema wako utahesabiwa kuwa saini yako. Katika nchi ambayo tangu chekechea tunafundishwa kumkarimu mgeni, mwanamke mmoja aliadhibiwa kwa kutii somo. Angewatolea mbwa, shamba lingepona. Angewatukana, wangeandika kwamba mwenye eneo amepinga, na barabara ingekwenda porini. Wenye mbwa na matusi mashamba yao yapo mpaka leo. Nendeni mkayaone.

Nje ya darasa Ernest alimfuata, jasho likimtoka.

"Mama, nilitaka wakuone kwamba wewe ni mtu mwema."

"Wameniona, mwanangu," Priska alisema.

Alikwenda ofisi za mjini na Jenifa. Waliambiwa kwamba katika mradi wa aina ile ardhi ya barabara wananchi huiachia wenyewe kwa hiari, haina fidia. Na hiari yake ilikuwepo. Ilikuwa na picha.

Greda lilikuja mwezi wa pili, zabibu zikiwa bado chungu kama majani. Liling'oa nguzo na waya na mizabibu kwa pamoja, likavisukuma vyote ndani ya kisima, likashindilia udongo juu. Dereva hakumwomba Priska maji. Alikuwa nayo yake ya chupa.

Baada ya hapo alibadilika polepole, kama ukuta unaonyonya maji kwa chini. Alinunua maji ya ndoo kwa wenye mikokoteni. Kata aliiingiza ndani. Hodi zilipopigwa alijibu akiwa amekaa palepale. Majirani walisema sasa ana akili za mjini, wakimaanisha kumsifu.

Jumapili moja Jenifa alikuwa amekuja, wanachambua mlenda mlangoni, nami nimekaa nao. Kwenye barabara mpya, iliyokuwa bado vumbi tupu, akaja mzee amevaa kofia iliyoshonwa kwa mkono, imechakaa, ana fimbo na mfuko wa rambo. Alikuwa ametembea. Midomo yake ilikuwa na utando mweupe.

"Hodi wenyewe. Habari za hapa?"

Priska hakumpa kigoda.

"Nani amekutuma?"

Mzee alitabasamu kidogo, akidhani ni utani.

"Sijatumwa na mtu, mama. Natoka relini. Naitwa Nurdini, ni mtu wa Kondoa. Mwanangu ameolewa huko mbele."

"Umekuja kupima?"

"Kupima nini tena?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza. Unataka nini kwangu?"

Mzee alimtazama. Akatazama mtungi uliokuwa nyuma yake mlangoni, kisha akaangalia chini, kama watu wanavyoangalia chini wakigundua wameingia nyumba yenye ugomvi.

"Sitaki kitu, mama. Nilikuwa nasalimia tu. Mbaki salama."

Akaondoka. Fimbo yake ilitoboa vishimo vidogo katika vumbi, juu ya mahali palipokuwa na mizabibu.

Jenifa aliacha mlenda. Aliyekuwa akimgombeza mama yake miaka yote awaulize wanaopiga hodi ndiye aliyeinuka, akachota maji kwa kata, akakimbia. Tulimwona amemfikia. Tulimwona mzee anaweka mkono kifuani, anatikisa kichwa, anamwinamia kwa heshima, anaendelea na safari yake. Jenifa alirudi akitembea taratibu ili maji yasimwagike. Kata ilikuwa imejaa vilevile.

"Amekataa?" niliuliza.

"Amenishukuru. Amesema ameshakunywa huko nyuma."

Priska alikuwa ameinamia ungo. Vidole vyake viliendelea kutenganisha majani na vijiti, haraka, kisha vikasimama.

"Mwongo," alisema. "Toka relini mpaka hapa hakuna maji. Yalikuwepo ya kwangu."