Radivoj na Takataka za Sekunde Kumi

Kaka yangu Radivoj ni mtu wa kuchosha. Nasema hivyo mimi Jela, dada yake wa tumbo moja, na hapa Zrenjanin, Serbia, sijui nani atanibishia. Kazi yake ni kusoma mita za maji. Anapanda ngazi za watu, anabwekewa na mbwa, na mchana kutwa hakuna anayemuuliza maoni yake juu ya chochote. Kwa hiyo jioni anayamwaga yote kwenye kompyuta.

Kompyuta yake ni ya Linux, si Windows kama za watu wengine. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba watu wa Linux hapa mjini wana chama, na chama hicho kila mwaka kabla ya Krismasi hupiga kura: programu ipi ya kusikilizia muziki ni bora kuliko zote. Usicheke. Nimeona wanaume wenye mvi na wajukuu wakinuniana mwaka mzima kwa ajili ya kura hiyo. Mtu wa kawaida akitaka wimbo anabonyeza, unaimba, anaendelea kukaanga vitunguu. Wao wanataka kwanza kujua aliyebonyeza ni mjinga kiasi gani.

Radivoj yuko upande wa programu yenye picha na rangi, inayopanga kila wimbo kwa jina, mwaka na mwimbaji. Wimbo usio na mwaka unamnyima usingizi. Mkewe alivumilia alivyoweza, halafu akahamia Subotica kwa dada yake. Nilipompigia simu kumpa pole alinijibu, "Pole ya nini, wifi? Huku redio unaiwasha tu, inaimba."

Mpinzani wake ni Tihomir, fundi wa lifti. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa ya Radivoj, yaani ni kumu wake, na kwetu kumu anapita ndugu. Humtukani hata akikukosea. Tihomir anatumia programu isiyo na sura, dirisha jeusi na maandishi basi. Inapiga kilichomo kwenye folda kama kilivyo. Haipangi, haifuti. "Yangu haigusi mali ya mtu," husema. Radivoj humjibu kwamba hiyo si programu, ni uvivu.

Baba yetu, marehemu Svetozar, alikuwa akipiga tamburica, gitaa letu la kienyeji, jikoni kila Jumapili na kujirekodi kwenye kaseti. Alipofariki, Tihomir alizichukua zile kaseti, akaziingiza kwenye kompyuta na kukata kila palipokuwa na kimya. Vikatoka vipande chungu nzima, vingine nyimbo nzima, vingine vifupi. Akampa Radivoj vyote. Radivoj akazitupa kaseti, eti zimeshamaliza kazi yake, akamwekea mama kompyuta sebuleni. Mama yetu Desanka ana miaka themanini na zaidi, lakini alijifunza kubonyeza mwenyewe. Kila asubuhi baada ya kahawa ya kwanza alikuwa anakaa pale na mumewe. Hana starehe nyingine, na wala hajawahi kuomba nyingine.

Mwaka huu Radivoj aliapa atashinda kura. Akasafisha mkusanyo wake wote ili auoneshe, na alipomaliza wa kwake akahamia kwenye kompyuta ya mama bila kumuuliza. Tangu siku hiyo mama alipoa. Nilimwona anabonyeza, anasikiliza, anabonyeza tena, kisha anainuka kwenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Ikafika siku ya Mtakatifu Nikola, sikukuu ya nyumba yetu. Siku hiyo hatumwaliki mtu. Anayekuja amekuja, na hata adui yako unamjazia sahani. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni tangu alfajiri na samaki, maharage ya kuoka na ngano ya kuchemsha. Chama kizima kilikuja, Tihomir naye akiwa na chupa yake ya rakija, pombe kali ya matunda ya mirabela. Wakala wakashiba. Radivoj akagonga glasi, akasimama mbele ya kompyuta ya mama.

"Tazameni, jamani. Kila wimbo una jina, una mwaka, una picha ya baba. Uchafu sifuri!"

Akabonyeza. Baba akaimba, sauti safi mpaka kamba za tamburica unazihesabu. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.

"Na pale anapozungumza?" mama akauliza.

"Wapi hapo, mama?"

"Anapozungumza na mimi. Kati ya nyimbo. Siku nyingi sipapati. Nilidhani ni mimi nakosea kubonyeza, nikasema basi, uzee umeshafika kichwani."

Tihomir akaweka uma chini. "Kumu, si nilikupa vipande vyote?"

"Vile vya sekunde kumi kumi?" Radivoj akasema. "Kikohozi, viti vinaburutwa? Chochote chini ya nusu dakika ni takataka, kila mtu anajua. Programu yenyewe ilivichagua, mimi nikakubali tu."

"Ilichagua! Yangu ingeviacha."

"Yako ingeviacha kwa sababu haioni! Ni kisanduku cheusi cha watu wasiooga!"

"Takataka ni wewe, unayemfuta baba yako ili upate kura."

"Toka! Toka nyumbani kwetu!"

Siku ya Mtakatifu Nikola, mshumaa unawaka mezani, anamfukuza kumu wake. Mzee mmoja wa chama akajifanya anatafuta miwani yake. Tihomir akavaa koti, akambusu mama mkono, akatoka, na wengine wakamfuata mmoja mmoja wakiwa bado wanatafuna.

Mama alikuwa bado anaiangalia kompyuta. "Nyimbo zake mimi sikuzipenda hata siku moja," alisema. "Svetozar alikuwa anaimba kama mbuzi."

Radivoj alizama kwenye kompyuta siku tatu akivitafuta. Ana nakala, bila shaka. Watu hawa wana nakala ya kila kitu. Lakini nakala yake ameipanga yeye mwenyewe, kwa akili zake nyingi, ifute kila anachofuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Kamwombe Tihomir," nikamwambia. "Huyo hafuti kitu. Anavyo."

"Siendi. Atatangaza kwenye chama kwamba yake ndiyo bora."

"Si atangaze! Mama yako hana mume tena hata wa kwenye kompyuta, wewe unahesabu kura?"

"Wewe huelewi mambo haya, Jela."

"Naelewa sana. Wewe ni debe tupu, Radivoj, na maisha yako yote tumekuwa tukikusikiliza."

Nikampigia Tihomir simu mimi mwenyewe. Alikuja siku ya pili yake na kompyuta yake kwapani, theluji mabegani, hakusema habari ya kufukuzwa. Radivoj alipomwona anaingia, yeye akatoka, akasimama barazani na kuwasha sigara. Mlango aliuacha wazi, maana aibu ilimzuia kuingia na udadisi ulimzuia kwenda mbali.

"Anatumia ile nyeusi?" alipiga kelele kutoka nje.

Tihomir akavuta kiti karibu na mama, akaandika kitu kwenye lile dirisha lake baya. Kikasikika kikohozi. Kikaburutwa kiti. Halafu baba, karibu kabisa, amekasirika kidogo kama alivyokuwa kila Jumapili:

"Desa, ufunge huo mlango bwana, baridi inaingia."

Mama akainuka. Hakutuangalia, wala hakumwangalia mwanawe aliyekuwa amesimama pale na sigara yake akichungulia ndani. Akaenda mpaka mlangoni, akaufunga, akageuza ufunguo. Kisha akarudi kwenye kiti chake na kumwambia Tihomir aendelee.