Blanketi la Flamingo

Wenzangu, nichekeni tu. Nilikuwa nikimshonea mtoto mchanga wa wifi yangu blanketi dogo la viraka lenye flamingo, ndege wa kwetu Nakuru. Mama mkwe alipofika kutoka Subukia akaniambia, “Nimekuletea matambara, yako jikoni.” Jikoni, kando ya gunia dogo, nikakuta kiondo chenye gauni la pinki. Nikalikata bila huruma, na mfuko wake wa kifuani ukawa bawa maridadi.

Jumapili kwaya ya mama mkwe ilikuja kumwona mtoto. Akina mama wote walivaa pinki, yeye tu bluu.

“Sare yangu imepotea,” alilalamika.

Wifi akamfunika mtoto blanketi. Mama mkwe akainama kulitazama.

“Haki, huyu flamingo ana mfuko!”

Akatia vidole ndani ya bawa, akatoa hankachifu yake.